Fizikia ya aljebra, ya kalkulasi, au ya vipandevipande? Ulinganisho kwa chuo cha kati kinachotaka kuongeza somo

Mwaka jana nilikwenda kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa field kwenye mradi mmoja wa maji upande wa Newala. Wenyeji wa huko hawahitaji kuelezwa: uwanda wa Makonde uko juu, mchanga wake unainywa mvua yote, na maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Kijana alikuwa mchangamfu. Alijua kufungua na kufunga valvu, alijua kupiga grisi, alijua hata kusikia kwa sikio kwamba beringi imeanza kuchoka. Fundi mkuu, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, kijana wako ana mkono mzuri. Ila hebu muulize kwa nini geji ile inasoma bar 29 na pampu imezimwa."

Nikamwuliza. Akaitazama geji, akaitazama pampu, akaniambia labda geji ni mbovu.

Geji ya kanieneo (presha) ilikuwa nzima. Juu yake kulikuwa na bomba lililojaa maji, ambalo kwa makadirio ya yule mzee lilipanda kama mita 300, na valvu ya kuyazuia maji yasirudi ilikuwa imeshika. Densiti ya maji 1,000, mara mvutano wa dunia 9.8, mara kimo 300: paskali 2,940,000, yaani bar 29 na kidogo. Kuzidisha namba tatu tu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hakuzidisha, na si kwamba hajui kuzidisha. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba geji na kimo cha bomba ni habari moja.

Niliporudi Mtwara mjini, kamati yetu ya taaluma ilikuwa tayari na hoja mezani: tuongeze somo la fizikia ya msingi au tusiongeze? Na tukiongeza, ya namna gani? Nimekaa kwenye mjadala huo vikao vitatu, na wenzangu wa vyuo vingine vya Mtwara na Lindi wameniambia nao wanauzungumza. Basi naweka hapa njia tatu tulizozipima, na mwisho ninaegemea wapi. Siegemei katikati.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni fizikia ya aljebra: somo linalosimama lenyewe, lina jina lake kwenye ratiba, lina maabara yake na mtihani wake. Hesabu zake hazizidi kugeuza fomula, trigonometria ya pembetatu mraba, vekta kidogo na kusoma grafu.

Ya pili ni fizikia ya kalkulasi, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika. Mada karibu ni zilezile, lakini mwendo unaelezwa kwa kudifarenshieti (kutafuta kasi ya badiliko) na kazi kwa kuintegreti (kujumlisha vipande vidogovidogo), kama wanavyosema wanafunzi wenyewe. Ndiyo fizikia ya mwaka wa kwanza ya mtu anayekwenda kuwa mhandisi au mwanafizikia.

Ya tatu ndiyo tuliyonayo wengi, hata kama hatuiiti hivyo: vipande vya fizikia vilivyotawanywa ndani ya masomo ya fani. Mkufunzi wa umeme anafundisha sheria ya Ohm akifika pale inapohitajika, wa magari anagusa torki (msukumo wa kuzungusha), wa mabomba anagusa kanieneo. Hakuna somo linaloitwa fizikia.

Anayekaa darasani ni nani

Hapa ndipo ulinganisho unapoamuliwa kwa kiasi kikubwa, na ndipo vikao vingi vinapoparuka. Watu wanabishana kuhusu vitabu na vifaa kabla ya kumtazama mwanafunzi.

Mwanafunzi anayeingia ngazi ya NTA 4 (ngazi ya kuanzia ya tuzo za ufundi) kwa cheti cha kidato cha nne hajawahi kukutana na kalkulasi katika hesabu za kawaida. Kalkulasi inamkuta mtu kidato cha tano na sita, kwenye hesabu za juu au kwenye BAM (hesabu za msingi za matumizi). Hapo tayari njia ya pili ina deni: huwezi kuianza bila kwanza kufundisha muhula mzima wa hesabu, na hesabu ndilo somo ambalo kidato cha nne limeliza wengi kuliko mengine yote. Wapo pia walioacha fizikia walipofika kidato cha tatu wakachukua mchepuo mwingine, kisha maisha yakawarudisha kwenye ufundi. Watu wa afya wana nafuu kidogo, maana anayeomba utabibu anadaiwa ufaulu wa fizikia pamoja na kemia na biolojia tangu mlangoni. Wa ufundi na kilimo wanakuja mchanganyiko.

Tulijaribu jambo dogo. Tukawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza maswali 10 ya hesabu tu, hakuna fizikia: tafuta R kwenye V = IR (sheria ya Ohm: volteji ni mkondo mara ukinzani), andika 0.00047 kwa kipeo cha kumi, badili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, tafuta upande wa pembetatu, soma mteremko wa grafu. Kugeuza fomula ndiko kulikoleta kilio. Mtu anajua V = IR kwa moyo, ukimpa V na I anakaa kimya, kwa sababu alikariri pembetatu ile ya kufunika kwa kidole, na siku hiyo kidole kimesahau kifunike wapi.

Mtu huyo ukimpeleka kwenye kalkulasi unamtayarishia sup (mtihani wa marudio), na baada ya sup, kudisko (kuondolewa chuoni). Ukimwacha kwenye vipandevipande, mkufunzi wa fani atamrukia, kwa sababu ana moduli ya kumaliza na hana saa za kufundisha kugeuza fomula. Somo la aljebra ndilo pekee lenye nafasi ya kumshika mkono, maana kugeuza fomula ndiyo kazi yake ya kila siku.

Swali moja kwa hesabu mbili

Wanaoipinga fizikia ya aljebra husema ni fizikia iliyochujwa, chai iliyotiwa maji mara ya pili. Niliwahi kulisema hilo mwenyewe nilipokuwa kijana mwenye digrii mpya. Tulitazame kwa mfano, kwa sababu maneno matupu hayatutoi hapa.

Chukua simtank ya lita 1,000. Maji yamesimama mita 1.25, kitako chake ni mita mraba 0.8. Chini kuna tundu la sentimita mraba 2. Maji yatatoka kwa kasi gani, na tangi litakwisha baada ya muda gani?

Kasi ya kutoka ni kipeuo cha pili cha 2gh (g ni mvutano wa dunia, h ni kimo cha maji): kipeuo cha 2 × 9.8 × 1.25, ambacho ni 24.5, nacho kinatoa karibu mita 4.95 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la tundu, unapata karibu lita 1 kila sekunde. Mpaka hapo aljebra na kalkulasi ziko bega kwa bega.

Sasa muda. Mwanafunzi mwepesi anasema lita 1,000 kwa lita 1 kila sekunde ni sekunde 1,000, kama dakika 17. Si kweli, kwa sababu maji yakishuka na kasi inashuka. Mwenye kalkulasi anaandika mlinganyo wa mabadiliko, anaintegreti, anapata sekunde karibu 2,000. Hapo anakunja mikono: "Unaona? Aljebra imeishia njiani."

Haijaishia. Mwambie mwanafunzi autazame uso wa maji. Mraba wa kasi yake unafuatana na kimo kilichobaki. Ameshaona wapi jambo hilo? Kwenye bodaboda inayofunga breki sawasawa: mraba wa kasi unafuatana na umbali uliobaki mpaka isimame. Kwa hiyo uso wa maji unashuka kama bodaboda inayofunga breki, kasi yake inapungua kwa kiasi kilekile kila sekunde, na wastani wake ni nusu ya kasi ya mwanzo. Nusu ya kasi, muda maradufu. Sekunde 2,000. Hakuna aliyeintegreti.

(Tundu halisi litachukua muda mrefu zaidi, maana mchirizi wa maji hujibana unapotoka. Ndiyo raha ya kulifanya jambo hili kwa ndoo uani: namba za ubaoni zinakataa, na wanafunzi wanaanza kuuliza maswali ya maana.)

Nisiwadanganye, mpaka upo. Kapasita inayochajiwa, chai inayopoa, tangi lenye umbo la koni: huko aljebra inakupa fomula na kukuambia iamini. Mwanafunzi anaweza kuitumia, hawezi kuizaa. Kwa mhandisi atakayebuni, hilo ni pengo. Kwa fundi sanifu atakayechagua pampu, sioni pengo. Rudi kwenye mradi wa maji: kupandisha lita 10 kwa sekunde mita 300 juu kunataka wati 29,400, na kama pampu ina ufanisi wa asilimia 70, mota inahitaji kutoa kilowati 42. Kuzidisha na kugawanya. Anayeijua hesabu hiyo hanunuliwi mota ya kilowati 30 na muuzaji mwenye ulimi mtamu.

Njia ya vipande ina haki yake

Wakufunzi wa fani wana hoja nzito na ni dhuluma kuipita haraka. Kwanza, fizikia inakuja mahali inapohitajika. Kijana aliyeshika mota ana sababu ya kusikiliza habari ya torki. Kijana aliyekaa mbele ya ubao saa nane mchana, joto la Mtwara likimpiga kisogoni, hana. Pili, haidai ruhusa ya mtu. Mtaala wa NTA haubadilishwi kwa kikao cha chuo peke yake. Moduli mpya yenye krediti lazima ipite NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na hiyo ni kazi ya makaratasi na ya subira. Vipande viko tayari ndani ya moduli zilizopitishwa.

Lakini angalia kinachotokea. Sheria ya Ohm inafundishwa kwenye umeme, ikarudiwa kwenye elektroniki, ikaguswa tena kwenye magari, kila mara kutoka mwanzo, kila mara kwa herufi tofauti. Wakati huohuo hakuna anayefundisha makosa ya vipimo, wala kutabiri kabla ya kupima, wala kuuliza kama jibu lina akili. Mwanafunzi anapata vipande vitano vya fizikia visivyojuana. Kijana wa Newala alifundishwa kanieneo, nimelithibitisha kwenye daftari lake. Limo, limeandikwa vizuri, na limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Liko kwenye somo la mabomba ya ndani ya nyumba, na yeye hakujua kwamba linaruhusiwa kutoka nyumbani likapanda mlima.

Kwa fundi mchundo wa kozi fupi, vipande vinatosha na ningevipigania. Kwa fundi sanifu anayekaa chuoni miaka mitatu hadi NTA 6 (stashahada), havitoshi.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

| | Aljebra, somo kamili | Kalkulasi | Vipande ndani ya fani |
|---|---|---|---|
| Hesabu za kuingilia | Kidato cha nne, pamoja na wiki chache za marudio | Kidato cha sita, au muhula wa hesabu kwanza | Zozote. Mapengo hayaonekani mpaka mtu aende field |
| Mkufunzi | Mwalimu wa fizikia mwenye digrii, anayependa vitendo | Mwenye fizikia na hesabu za chuo kikuu, tena mwenye muda | Waliopo |
| Maabara | Rahisi, nyingi za kujitengenezea | Rahisi pia, wala si ghali kuliko za aljebra | Karakana za fani |
| Idhini | Inahitajika kwa moduli yenye krediti | Inahitajika | Haihitajiki |
| Hatari | Kuwa somo la kukariri fomula | Darasa kubaki na watu sita | Hakuna anayewajibika |

Mstari wa mwisho safu ya mwisho ndio unaoniuma zaidi. Kitu kisicho na mwenyewe hakidaiwi.

Wenzetu wa Marekani wanafanyaje

Natazama huko kwa sababu vyuo vyao vya jamii vya miaka miwili vinafanana kidogo na vyuo vyetu vya kati: wanafunzi wa rika zote, wengi wanafanya kazi, wengine wanapita kwenda chuo kikuu. Chuo kikubwa cha namna hiyo kwa kawaida kina fizikia zote mbili. Ya aljebra huchukua mihula miwili yenye maabara, na wanaoijaza ni wa biolojia, afya, usanifu majengo na mafundi. Ya kalkulasi ni ya wanaoelekea uhandisi na fizikia. Chuo kidogo ambacho hakina wanafunzi wa kujaza madarasa mawili ndicho kinachotoka jasho, na jasho hilo tunalijua.

Kuna onyo moja kutoka kwao ambalo ni bora tulichukue mapema. Aliyesoma fizikia ya aljebra akibadili nia akaenda uhandisi, chuo kikuu kwa kawaida hakimhesabii. Anaianza ya kalkulasi upya. Nasi tuwaambie wanafunzi hilo siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha wazi. Kijana wa Masasi anayeota kuwa mhandisi wa gesi asiambiwe mwaka wa tatu kwamba alipanda gari la njia nyingine. Haina maana amepoteza, maana aliyeielewa kani kwa aljebra ataielewa kwa kalkulasi kwa nusu ya machozi. Ila safari yake ina kituo cha ziada.

Kitabu si kisingizio tena. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, kupitia mradi wake wa OpenStax, kilitoa mwaka 2012 kitabu kizima cha fizikia ya aljebra kinachopakuliwa bure, na mwaka 2016 kikafuatisha cha kalkulasi chenye juzuu tatu. Pakua mara moja, weka kwenye flashi, gawa. Angalizo tu: kile cha aljebra kina sura 34, na kimeandikiwa mihula miwili. Mkufunzi atakayejaribu kuzipitia zote kwa muhula mmoja atawafanya wanafunzi waichukie fizikia hadi kaburini. Mimi ningechukua vipimo na vizio, mwendo, kani, kazi na nishati, kanieneo na mtiririko, joto, na umeme wa mkondo. Rilativiti wataisoma wenyewe wakiwa na hamu. Lenzi na mwanga ningeviweka kwa chuo cha afya na kuviacha kwa chuo cha ufundi.

Jambo jingine la huko ambalo limenibadilisha mwenyewe: mwaka 1998 Richard Hake wa Chuo Kikuu cha Indiana alichapisha takwimu za wanafunzi zaidi ya 6,000 kwenye madarasa 62 ya fizikia ya kuanzia, ya sekondari, ya vyuo na ya vyuo vikuu. Alipima sehemu gani ya yale ambayo mwanafunzi hakuyajua mwanzoni aliyajua mwishoni. Madarasa ya mhadhara wa kawaida yalipata wastani wa asilimia 23. Madarasa ambayo wanafunzi walitabiri, wakabishana na kufanya kwa mikono yalipata 48. Ukilisoma hilo, ubishi wa aljebra na kalkulasi unapungua ukali. Fizikia ya aljebra inayofundishwa kwa mkufunzi kusoma slaidi haitamsaidia yule kijana wa Newala hata chembe.

Maabara bila kontena kutoka ng'ambo

Hofu kubwa ya wakuu wa vyuo ni vifaa. Wanawazia kabati za vioo na oda za mamilioni. Kwa somo hili, karibu kila unachohitaji kiko kati ya soko na karakana: multimita, betri, nyaya, balbu, springi, ndoo, bomba la plastiki la kuona maji, mzani. Mzani wa ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ni somo zima la kani. Gunia la kilo 80 linaivuta ndoano kwa nyutoni 784, na ukiuliza darasa kilo na nyutoni zinatofautiana nini utasikia kimya cha msibani.

Simu nazo zimefuta sehemu ya bajeti. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, ni ya bure na inaigeuza simu kuwa kipima mchapuko (badiliko la kasi), sauti na hata kanieneo ya hewa kama simu yenyewe ina kihisi hicho. Mwanafunzi anapanda bodaboda kutoka Shangani hadi Mikindani simu ikiwa mfukoni, anarudi na grafu ya mchapuko wake mwenyewe. Kwa yale yasiyogusika, kama elektroni ndani ya waya, kuna michezo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka mmoja kabla. Nayo ni ya bure, na inaweza kupakuliwa ikatumika bila intaneti, jambo ambalo kwa sisi wenye bando la kuhesabu si dogo.

Na nje ya geti la chuo kuna maabara ambazo vyuo vingi vya dunia vingezionea wivu. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba na kusukumwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Ni kanieneo, halijoto na mtiririko kuanzia asubuhi hadi jioni. Kilwa wana Songo Songo. Kiwanda cha saruji cha Dangote kina tanuri linalozunguka. Lindi kuna mashamba ya chumvi, ambako densiti ya maji ndiyo inayomwambia mtu lini ahamishe maji kutoka jaruba hili kwenda lile. Mwenye fizikia ya aljebra anaweza kuingia sehemu zote hizo na kuhesabu kitu cha kweli. Mwenye vipande anaingia moja.

Neno "nguvu"

Hili halimo kwenye jedwali lakini linakula saa nyingi kuliko hesabu. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku mbeba magunia ana nguvu, umeme wa jioni hauna nguvu, injini ina nguvu, dawa ina nguvu, na simba naye ana nguvu. Fizikia inataka tutenganishe kani ya nyutoni, nishati ya juli, pawa ya wati na volteji. Mwanafunzi anafundishwa kwa Kiingereza, anafikiri kwa Kiswahili, na nyumbani wanazungumza Kimakonde au Kimwera. Anaposema "umeme hauna nguvu" ana maana volteji imeshuka, na yuko sahihi kwa lugha yake. Akiandika hivyo kwenye mtihani anapata sifuri.

Somo linalosimama lenyewe lina wasaa wa kukaa wiki nzima na neno hili moja. Nimeona darasa zima likifunguka siku tulipochora safu nne ubaoni na kila mtu akaleta sentensi ya mtaani yenye "nguvu" tukaipeleka safu yake. Ya simba ilitushinda. Kwa njia ya vipande, kila mkufunzi anadhani mwenzake ameshalieleza. Kwa njia ya kalkulasi, hakuna muda.

Ningechagua nini

Kwa chuo cha kati cha Mtwara au Lindi chenye wanafunzi wa umeme, mitambo, maji, afya au kilimo kuanzia NTA 4: aljebra, somo kamili, muhula mmoja, saa 4 za darasa na 2 za maabara kwa wiki. Kwa wiki 15 ni saa 90 za mkufunzi. Krediti moja ikihesabiwa kwa saa 10 za kujifunza, moduli ya krediti 12 inamwachia mwanafunzi saa 30 za kujisomea, kiasi ambacho mtu anayepika mwenyewe geto anaweza kukipata. Wakati makaratasi yanasubiri idhini, chuo kiifundishe kama kozi fupi isiyo na krediti, ili makosa yafanyike kabla hayajawa mtaala.

Ningechagua kalkulasi pale tu ambapo chuo kinapokea waliomaliza kidato cha sita wenye hesabu, na kina makubaliano ya wazi na chuo kikuu kitakachowapokea. Bila makubaliano hayo ni fahari tu. Vipande ningeviacha kwenye kozi fupi, na hata huko ningemtaja mtu mmoja kwa jina awajibike kuoanisha herufi na vizio kati ya karakana.

Mkufunzi mmoja mtu mzima kwenye kamati yetu, ambaye tunamwita Babu bila yeye kukasirika, alisikiliza yote haya kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Somo lenu mtaliweka mwezi gani?"

Tukasema mwanzo wa mwaka, Oktoba au Novemba, kama masomo mengine ya msingi.

"Oktoba minada ya korosho ndiyo inaanza. Ada inasubiri korosho, na watoto wengine wako shambani wanaokota. Watafika wiki ya tano. Wiki ya tano mtakuwa mmeshamaliza kugeuza fomula."

Tulilihamishia muhula wa pili, na wiki tatu za mwisho za muhula wa kwanza tukaziwekea marudio ya hesabu, kila siku saa moja kabla ya vipindi, mlango wazi kwa yeyote aliyefika.